Haroun Tazieff: mtu wa Nyiragongo aliyegombana na wenzake juu ya ukweli wa ripoti za sayansi

Wakaaji wa Kibati, katika usultani wa Bukumu, teritwari ya Nyiragongo, wanajua bei ya neno moja la mtaalamu. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka bila onyo, na lava ikatelemka mpaka kukata njia kubwa inayotoka Goma kwenda Rutshuru. Siku tano baadaye serikali ya jimbo ikaamuru vipande vikubwa vya mji wa Goma kuhama haraka, kwa hofu ya mlipuko wa pili. Mamia ya maelfu ya watu wakabeba magodoro na watoto, wengine kuelekea Sake, wengine Rutshuru, wengine kuvuka mpaka wa Rwanda. Mlipuko wa pili haukuja.

Miaka 45 kabla ya siku hizo, jambo linalofanana na hilo lilitokea mbali sana na Kivu, kwenye kisiwa cha Guadeloupe kinachotawaliwa na Ufaransa. Huko pia volkano iliguna, watu wakahamishwa, na mlipuko mkubwa haukutokea. Katikati ya ugomvi huo alisimama mtu mmoja ambaye kazi yake ya volkano ilianzia hapa kwetu, kati ya Nyamulagira na Nyiragongo: Haroun Tazieff. Wengi wanamkumbuka kwa filamu zake na kwa ujasiri wa kushuka ndani ya krateri. Lakini jambo lililomgharimu cheo chake halikuwa ujasiri. Lilikuwa swali ambalo leo kila mwanafunzi wa UNIGOM au wa Bukavu anayetuma makala kwenye jarida la kisayansi anakutana nalo: ulichoandika, kweli ulikiona? Ulikipima namna gani? Na nani alikuwa pamoja nawe?

Tazieff alizaliwa Warsaw tarehe 11 Mei 1914, wakati mji huo ukiwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake, daktari wa asili ya Kitatari, alikufa vitani mwanzoni mwa vita kuu ya kwanza, na mtoto hakumjua. Mama yake alikuwa msomi wa sayansi. Baada ya mapinduzi ya Urusi mama na mtoto walihama, na mwaka wa 1921 wakafika Ubeleji. Huko kijana alikaa miaka mingi bila uraia wowote, mpaka Wabeleji walipompa uraia wao mwaka wa 1936. Alisomea kilimo Gembloux, akacheza raga, akapigana ngumi, na wakati wa vita ya pili aliingia katika upinzani dhidi ya Wajerumani. Katikati ya vita hiyo alisoma pia jiolojia kwenye chuo kikuu cha Liège, akamaliza mwaka wa 1944.

Kazi ilimleta Congo. Alianza kwenye migodi ya bati ya Katanga mwaka wa 1945, kisha akaingia katika idara ya jiolojia ya koloni na kutumwa Kivu. Hakuwa mtaalamu wa volkano. Hakuna aliyemfundisha volkano. Mwezi wa Machi 1948 ardhi ilipasuka upande wa Nyamulagira, mahali panapoitwa Kituro, na wakubwa wake wakamtuma aende kuangalia kwa sababu alikuwa karibu. Alikuwa na miaka 33. Aliona mawe ya moto yakiruka na lava ikitembea kama mto, na tangu siku hiyo hakutaka tena kazi nyingine.

Mwaka huohuo alishuka ndani ya krateri ya Nyiragongo. Anayepanda mlima huo kwa njia ya kawaida anaanzia Kibati, anapita kando ya Shaheru, volkano ndogo iliyolala, kisha anapanda miamba mikali mpaka kwenye mdomo ulio kwenye meta karibu 3,470. Toka pale juu unaangalia chini shimo lenye upana wa zaidi ya kilometa moja. Mamia ya meta chini yake, Tazieff alikuta ziwa la lava linalochemka bila kukoma, kitu kisichopatikana ila mahali pachache sana duniani.

Hapa panatokea jambo la kwanza ambalo mwandishi wa sayansi wa leo angeulizwa. Mlima ulikuwa ndani ya Mbuga ya Albert, ambayo sasa ni mbuga ya Virunga, na mbuga hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1925 ilikuwa na wakubwa wake wakali, waliotoa na kukataa ruhusa. Tazieff alikatazwa, na hakulificha jambo hilo. Filamu yake ya mwaka wa 1966 na kitabu chake cha mwaka wa 1975 juu ya Nyiragongo vyote viwili vinaitaja volkano hii kuwa ni volkano iliyokatazwa. Watazamaji wa Ulaya walilipenda jina hilo. Katika jarida la leo, mtafiti aliyechukua vipimo ndani ya mbuga anaombwa kuonyesha karatasi ya ruhusa, na bila karatasi hiyo makala yake inaweza kurudishwa hata kama vipimo ni vizuri. Kwa kweli marufuku ya wakati ule haikuwa kwa ajili ya kumlinda mkaaji wa Kibati, ambaye mbuga ilimnyima msitu wake pasipo kumuuliza. Lakini ruhusa ni ruhusa, na kwa jambo hilo Tazieff alijihesabia haki kwa urahisi mno.

Jambo la pili ni neno kugundua. Vitabu vingi vya Ulaya vinasema Tazieff aligundua ziwa la lava la Nyiragongo. Watu wa Bukumu walikuwa wanaona mwanga mwekundu juu ya mlima usiku tangu zamani, na walikuwa na habari zao juu ya moto ule. Wazungu wengine pia walikwisha kupanda kabla yake: Mjerumani von Götzen alifika juu mwaka wa 1894. Alichofanya Tazieff ni kushuka, kukaribia, na kuandika kwa utaratibu alichokiona. Hiyo ni kazi kubwa, haina haja ya kuongezewa.

Na hakushuka na mizigo yake mwenyewe. Kamba, hema, chakula, maji, vyuma vya kupimia, vyote vilipanda kwa mabega ya wapagazi wa vijiji vya chini ya mlima. Walijua ni saa ngapi ukungu unafunga njia, na ni wapi jiwe linavunjika chini ya mguu. Katika filamu wanaonekana wakipita kwa mstari, mizigo kichwani. Katika makala za kisayansi hawapo.

Tuichukue makala moja. Mwaka wa 1959 Tazieff alirudi Nyiragongo na kundi la wataalamu ili kukamata gesi zinazotoka kwenye ziwa la lava. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Chupa ya kioo inaondolewa hewa yote kabla ya kupanda, inafunguliwa ndani ya moshi wa volkano, kisha inafungwa tena upesi. Hewa ya kawaida ikiingia hata kidogo, maabara haitapima tena gesi ya volkano bali mchanganyiko. Na mwenye kushika chupa anasimama mahali ambapo kupumua mara moja vibaya kunaweza kuwa mwisho wake. Watu wa Goma na Kibati hawahitaji kufundishwa hilo: wana neno lao, mazuku, kwa mashimo yale ambamo gesi nzito inakaa chini na kuua mbuzi, na wakati mwingine mtoto, pasipo harufu wala sauti.

Matokeo yalitoka Paris mwaka wa 1960, katika majarida ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, na majina matatu juu yake: Chaigneau, Tazieff na Fabre. Yaani mtu maarufu, aliyeongoza safari na kuhatarisha maisha yake, jina lake linakuja la pili, pamoja na watu wa maabara waliochambua gesi. Hapo kulikuwa na haki. Aliyepima anatajwa, aliyechukua sampuli anatajwa. Mpagazi hatajwi, hata kwa mstari wa shukrani unaofuata makala, na wakati ule hakuna mhariri ambaye angeona kasoro.

Lakini makala ile ina sifa nyingine ambayo haikuonekana mara moja. Namba zilichapishwa zote, sampuli kwa sampuli. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 1980, Mmarekani Terrence Gerlach alichukua namba za gesi za Nyiragongo, akapiga hesabu upya, akaondoa athari ya hewa iliyoingia, na kueleza vizuri zaidi gesi ile inatoka katika hali gani chini ya ardhi. Hakuhitaji kushuka krateri. Aliweza kusahihisha kwa sababu waliotangulia hawakuficha wala kupamba namba mbaya. Mtafiti akifuta kipimo kisichompendeza, hakuna Gerlach atakayekuja kumsahihisha.

Baada ya hapo Tazieff alizunguka dunia: Etna, Stromboli, visiwa vya Azores, Bahari ya Shamu pamoja na Cousteau, na kuanzia mwaka wa 1967 jangwa la Afar huko Ethiopia, kwenye ziwa lingine la lava la Erta Ale. Filamu ilimpa jina kubwa kuliko makala zake. Ile ya 1966 juu ya Nyiragongo ilifika mpaka kwenye orodha ya kushindania tuzo ya Oscar kule Marekani. Mwaka wa 1971 alipata uraia wa Ufaransa, na akawa mkubwa wa kazi za volkano katika taasisi ya fizikia ya dunia ya Paris. Wenzake wengine walimwona ni mtu wa sinema kuliko mtu wa maabara. Dharau hiyo ilikuwa imeshakaa mioyoni mwao wakati mambo ya Guadeloupe yalipoanza.

Volkano ya Guadeloupe inaitwa La Soufrière. Tarehe 8 Julai 1976 ilitoa mvuke, majivu na matope. Tazieff alikwenda, akaangalia, akasema kilichotoka ni maji yaliyopashwa moto chini ya ardhi na mawe ya zamani yaliyosagika, si lava mpya, na kwamba hakuna sababu ya kuwahamisha watu. Kisha akaondoka kwa safari nyingine. Akiwa mbali, wataalamu wengine walishika ushauri wa serikali. Mitetemeko iliongezeka. Katikati ya mwezi wa Agosti mkuu wa kisiwa akaamuru kuhama, na zaidi ya watu 70,000 wakaacha nyumba, mashamba ya migomba, shule na maduka yao.

Sababu moja iliyosikika sana katika siku zile ni kioo. Lava mpya ikipoa upesi inafanya chembe za kioo, na mtu akikuta kioo kipya ndani ya majivu, anajua magma imefika karibu na juu. Ilisemwa kwamba kioo hicho kimeonekana, tena kwa wingi. Neno likatoka maabara likaenda kwa wakubwa wa serikali na kwa waandishi wa habari, kabla wataalamu wengine hawajashika sampuli zilezile na kuziangalia chini ya hadubini zao. Walipokuja kuziangalia, hawakukuta kioo kipya. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuhama.

Mara nyingi kanuni za majarida zinaonekana kama urasimu wa wasomi: makala inatumwa, mhariri anaipeleka kwa wapitiaji wawili au watatu ambao mwandishi hawajui, nao wanauliza sampuli ilitoka wapi, nani aliipima, kwa chombo gani, na kwa nini asijaribu mwingine. Inachukua miezi. Volkano haingoji miezi, hiyo ni kweli, na mkuu wa kisiwa hawezi kungoja wapitiaji. Lakini hata pale ambapo jarida halipo, swali la mpitiaji linaweza kuulizwa kwa siku moja: onyesha sampuli. Guadeloupe halikuulizwa kwa wakati.

Tarehe 30 Agosti Tazieff alirudi na kupanda juu pamoja na wenzake, kati yao Claude Allègre, mkubwa mpya wa taasisi ya Paris, ambaye hakukubaliana naye. Wakiwa juu, mlima ukalipuka. Kwa dakika nyingi mawe yalinyesha juu yao wakiwa wamelala chini, bila pa kujificha, na wengine waliumia. Walishuka hai. Mtu angefikiri hofu ya pamoja ingewapatanisha. Kinyume chake, kila mmoja aliona mlipuko huo ni ushahidi wa upande wake: wapinzani kwamba hatari ni kweli, Tazieff kwamba hata katika mawe yale hakuna lava mpya.

Mwezi wa Oktoba Allègre alimwondoa Tazieff katika cheo chake. Mwezi wa Novemba serikali ya Ufaransa iliita Paris kamati ya wataalamu wa inchi mbalimbali, chini ya Mmarekani Frank Press, isome ushahidi wote. Baada ya kamati hiyo kukaa, mwezi wa Desemba watu wakaruhusiwa kurudi. Volkano haikumwua hata mtu mmoja. Biashara na mashamba ya upande ule wa kisiwa viliumia kwa miaka mingi.

Kwa muda mrefu habari hiyo ilisimuliwa kwa namna moja tu: Tazieff alisema kweli, wengine walikosa. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeifanya iwe ngumu zaidi. Vipimo vya gesi na vya mawe vinaonyesha kwamba mwaka ule magma ilipanda kweli kutoka chini, ikasimama kabla ya kufika juu. Kwa hiyo waliokuwa na hofu hawakuwa wajinga. Kosa lao halikuwa kuogopa. Lilikuwa kutoa kioo kama ushahidi wakati ushahidi huo haujashikwa na mkono wa pili. Na Tazieff, aliyekuwa na haki juu ya mlipuko, alizungumza kwa uhakika mkubwa kuliko vipimo vyake vilivyomruhusu. Alisema hakuna hatari. Angeweza kusema hatari haijaonekana katika sampuli tulizo nazo. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni ndogo mdomoni, ni kubwa kwa mtu anayeamua kama atalala nyumbani kwake usiku.

Wiki chache tu baada ya watu wa Guadeloupe kurudi nyumbani, Nyiragongo yenyewe ilijibu. Tarehe 10 Januari 1977 asubuhi, mlima ulipasuka ubavuni, na ziwa la lava ambalo Tazieff alilijua kwa miaka karibu 30 likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inakimbia kama maji, na siku hiyo ilikimbia kuliko mtu. Vijiji vya chini viliungua, na mkondo mmoja ukasimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Tazieff aliandika juu ya mlipuko huo katika jarida la kimataifa la volkano, akiuita wa pekee.

Waliokufa walikuwa wangapi? Makala na vitabu vinatoa namba zinazotofautiana sana, kuanzia karibu 70 mpaka mamia kadhaa. Ukubwa wa krateri unajulikana kwa meta. Ujazo wa lava unajulikana kwa mamilioni ya meta za ujazo. Hesabu ya watu wa vijiji ndiyo iliyobaki bila usahihi, na kila mwandishi amemnakili aliyemtangulia. Wapitiaji walihoji uzito wa miamba na kemia yake. Juu ya marehemu, hakuna aliyeuliza orodha ilitoka kwa chifu gani, parokia gani, hospitali gani. Mtafiti kijana wa Goma akitafuta mada ya kazi yake ya kumaliza masomo, hii hapa bado iko wazi, ingawa wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua.

Ufaransa ilimrudishia Tazieff heshima yake kwa njia ya siasa. Alikuwa meya wa Mirmande, mji mdogo wa kusini, kwa miaka kumi. Mwaka wa 1981 serikali ilimpa kazi ya kuangalia hatari za asili, na kutoka 1984 mpaka 1986 alikuwa katibu wa serikali juu ya kuzuia maafa makubwa. Alisukuma utaratibu wa kuchora ramani za maeneo ya hatari kabla ya watu kujenga. Ramani za namna hiyo Goma bado inazihitaji, tena zinazoheshimiwa.

Uzeeni, mtu huyuhuyu alianguka katika shimo aliloonyesha wengine. Mwaka wa 1979, kwenye televisheni ya Ufaransa, alikuwa kati ya wa kwanza kuonya mbele ya watu wengi kwamba moshi wa viwanda utapasha dunia joto na kuyeyusha barafu. Zaidi ya miaka kumi baadaye aligeuka. Katika kitabu cha mwaka wa 1992 alikataa hofu ya joto la dunia na ya tundu la ozoni, mambo ambayo yeye hakuyapima, na ambayo waliokuwa wakiyapima walikuwa wamekwisha kuyachapisha katika majarida na kupitiwa na wenzao. Mtu ana ruhusa ya kubadili wazo. Mwanasayansi anapobadili, anaonyesha kipimo kipya kilichombadilisha. Tazieff alileta jina lake, na jina lake lilikuwa kubwa, kwa hiyo wengi walimsikiliza.

Alikufa Paris tarehe 2 Februari 1998, akiwa na miaka 83. Hakuona lava ya Januari 2002 ikipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Wakati huo Goma ilikuwa tayari na kituo chake cha kuchunguza volkano, OVG, kilichoanzishwa mwaka wa 1986, ambamo watafiti Wakongomani walipima mitetemeko kwa vyombo vichache na mishahara ya kuchelewa.

Kanuni za waandishi nazo zilibadilika. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, wahariri wa majarida ya Uingereza walikuwa wameanzisha kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ambayo leo inafuatwa na maelfu ya majarida. Mwandishi anaahidi kwamba kazi ni yake, haijatumwa kwa jarida lingine wakati uleule, namba hazikutungwa, mfadhili anatajwa, na kosa likionekana baadaye litasahihishwa hadharani. Jina la mtu asiyefanya kazi lisiwekwe kwa heshima tu, na la aliyefanya kazi lisiondolewe. Huko Cape Town mwaka wa 2022, mkutano wa dunia juu ya uaminifu katika utafiti ulijadili wazi jambo la wageni wanaokuja Afrika kuchukua sampuli na kurudi kuandika peke yao.

Kwa Kivu, jambo hilo lilikuwa limesemwa tayari na wenyewe. Kuanzia 2019, watafiti wa Bukavu na wa Goma waliandika mfululizo wa makala unaoitwa Bukavu Series, wakieleza maisha ya asistenti wa utafiti: anayetafsiri, anayejua njia isiyo na watu wenye silaha, anayeuliza maswali kijijini na kubaki kijijini wakati mgeni ameshapanda ndege. Makala ikitoka Ulaya, anaisoma kwenye simu yake, kama ana bahati ya kuipata bila kulipia, na anatafuta jina lake.

Mlipuko wa Mei 2021 ulichunguzwa kwa vyombo vilivyopandwa kuzunguka mlima na kwa picha za satelaiti. Makala yake kubwa ilitoka mwaka wa 2022 katika jarida la Nature, ikieleza kwa nini mlima haukutoa onyo la kawaida: magma ilikuwa tayari juu sana, na ukuta wa volkano ndio uliopasuka. Orodha ya waandishi ni ndefu, na ndani yake wamo watafiti Wakongomani wa Goma, pamoja na wa OVG, bega kwa bega na Wabeleji na wengine. Kati ya makala ile ya gesi ya Nyiragongo iliyotoka Paris na hii, imepita miaka 62.